Kabla Hujanunua Pampu, Pima Mlima Wako



Kila mwaka ikifika mwezi wa saba, majani yakianza kukauka na baridi ya Njombe ikiwa bado inauma, simu yangu inaanza kuita. Swali ni lile lile: "Bwana shamba, ninunue pampu gani ya sola?"

Wiki iliyopita kapiga dada mmoja. Ana ekari 3 za parachichi, kajenga kibanda chake hapo hapo shambani, na ameamua kuhamia kabisa ili miche yake aisimamie mwenyewe. Umeme haujafika huko. Maji analetewa kwa bodaboda, madumu manne kila safari, kutoka korongoni. Amejibana miezi mingi, hela ya pampu anayo.

Nikamuuliza swali moja tu: "Juu ya kibanda chako kuna nini?"

Akanyamaza kidogo. "Juu kuna mlima, na chemchemi ya kijiji. Watu wanateka pale."

"Mbali?"

"Hapana, kama mita 400 hivi."

"Basi mdogo wangu, hela yako irudishe kwanza mfukoni, tuongee."

Haya ndiyo tuliyoongea, na nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mko kwenye hali kama yake. Msimamo wangu nausema mapema: ukiwa na shamba kwenye mteremko na maji yako yako juu yako, maji ya mserereko ndiyo ya kwanza kufikiriwa, pampu ije baadaye. Lakini msinielewe vibaya. Maji ya mserereko hayali mafuta wala betri, ila yana gharama yake, na gharama hiyo isipolipwa mwanzoni italipwa mwezi wa kumi, tena kwa aibu. Mimi nimeshailipa.

Wazee walishatutangulia

Vijana wengi wakisikia mserereko wanaona ni teknolojia ya maskini, ya mtu aliyekosa hela ya sola. Hebu tembea uone. Pale Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya kingo za Bonde la Ufa, kuna mabaki ya mashamba na mitaro ya mawe ya watu walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Walishusha maji kutoka kwenye vijito vya mlimani wakamwagilia eneo kubwa la nchi kavu. Kilimanjaro nako Wachaga wana mifongo yao tangu kabla ya wakoloni, inayotembeza maji kutoka kwenye makorongo ya mlimani hadi kwenye vihamba, na mingine inafanya kazi mpaka leo.

Kuna jambo moja la mifongo ambalo sisi wa mabomba tunalisahau. Mfongo una mtaro, na pia una zamu. Kuna siku yako na siku ya jirani, kuna kikao, kuna kazi ya kusafisha pamoja, na kuna faini kwa anayefungulia maji usiku kisirisiri. Bomba la plastiki limeturahisishia mtaro, tukadhani limetuondolea na kikao.

Nilivyokosea mimi

Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja, naye wa parachichi ekari 3, aliniita nimsaidie kuvuta maji kutoka chemchemi. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ndiyo kwanza zimekatika. Tukapanda, tukategesha ndoo ya lita 20, nikashika saa ya simu. Sekunde 10, ndoo imejaa. Hiyo ni lita 2 kwa sekunde. Nikamwambia, "Hapa una maji ya kumwaga." Tukalaza bomba la milimita 32, mita 400, mpaka kwenye tangi la lita 5,000 nyuma ya kibanda chake. Maji yakaja. Mwezi wa saba na wa nane watu walikuwa wanakuja kutazama, na mimi nilikuwa napita kifua mbele.

Mwezi wa kumi akanipigia asubuhi: bomba limekatwa kwa panga, sehemu tatu. Nilipanda pikipiki nikiwa na hasira, nikijiandaa kwenda moja kwa moja kwa mtendaji. Nilipofika juu nikawakuta akina mama wamekaa na ndoo zao pembeni ya kidimbwi kikavu. Nikapima maji kwenye mdomo wa bomba lililokatwa: ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Chemchemi ilikuwa imeshuka mpaka nusu lita kwa sekunde, robo ya ile niliyopima mwezi wa tano. Na bomba letu, kwa mteremko ule, lina uwezo wa kupitisha zaidi ya hiyo. Kwa hiyo lilikuwa linameza chemchemi nzima, usiku na mchana.

Nikashuka kwa kijana. Chini ya tangi lake majani yalikuwa ya kijani kibichi na tope tupu, wakati kila mahali pamekauka. Tangi lilikuwa linafurika wiki nzima, maji yanapotea, na juu huko mama mwenye mtoto mgongoni anarudi na ndoo tupu.

Bibi mmoja akaniambia taratibu, bila kelele: "Mwanangu, ungetuuliza. Sisi tunateka hapa tangu tuko wasichana. Mwezi wa kumi maji haya huwa kidogo."

Sikuwa na jibu. Kikao kilikaa siku mbili, kijana akaomba radhi kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa langu, na mimi nikaomba radhi pia. Jioni ile nikafanya hesabu niliyotakiwa kuifanya kabla ya kununua hata mita moja ya bomba.

Anza na unachohitaji

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba miche kama 80. Ekari 3 ni miche 240. Mche mchanga, wakati wa kiangazi, mimi huuhesabia lita 20 kwa wiki, ukiwa umewekewa matandazo vizuri. Hiyo ni lita 4,800 kwa wiki. Kibandani watu wawili watatu, kupika, kuoga, kufua, na kuku wachache: weka lita 200 kwa siku, lita 1,400 kwa wiki. Jumla lita 6,200 kwa wiki. Gawa kwa siku 7, hufiki hata lita 900 kwa siku.

Sasa nusu lita kwa sekunde ni lita 1,800 kwa saa, na kwa siku nzima ni lita 43,200. Kijana alihitaji lita 900, tukawa tunamchukulia karibu mara 50 yake. Wala hatukumtajirisha. Tulikuwa tunamwagia majani.

Ndiyo maana nasema hesabu inaanzia shambani kwako, kisha inapanda mlimani. Wengi tunafanya kinyume. Tunaona maji ni mengi, tunanunua bomba, halafu ndiyo tunafikiria tutayafanyia nini.

Ukilima mboga hesabu inabadilika kabisa. Ekari moja ya nyanya kiangazi naihesabia milimita 5 za maji kwa siku, na hiyo ni kama lita 20,000 kwa siku. Huyo si mtu wa parachichi changa. Mahitaji yake ni makubwa zaidi ya mara 20, na maongezi yake na kijiji ni mazito zaidi.

Pima vitu vitatu

Cha kwanza ni maji yenyewe. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu, basi. Pima mara tatu, chukua wastani. Ila kipimo cha kujengea ni cha mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja, kabla mvua hazijarudi. Kipimo cha mwezi wa tano kitakudanganya kama kilivyonidanganya mimi. Kama huwezi kusubiri, pima leo halafu nenda kawaulize wanaoteka: kiangazi kikali maji yanafika wapi kwenye jiwe hili? Kuna mwaka yalikatika? Akina mama watakupa jibu ambalo hakuna mashine italitoa.

Cha pili ni kimo, yaani chanzo kiko juu ya tangi kwa mita ngapi. Hapa naomba uache kuamini simu. Simu inaweza kukosea kimo kwa mita 10 au zaidi, na mita 10 ndiyo tofauti ya maji kufika na kutofika. Tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ule fundi ujenzi anaopimia levo. Ujaze maji, toa hewa yote, mmoja ashike ncha ya juu na mwingine ncha ya chini, kila mmoja na fito iliyochorwa sentimita. Maji kwenye ncha zote mbili yako usawa mmoja siku zote, kwa hiyo tofauti ya vipimo kwenye fito ndiyo mteremko wa hatua hiyo. Andika, sogea mita 10, rudia. Mita 400 ni hatua 40. Asubuhi moja, watu wawili, daftari moja, kazi imeisha.

Cha tatu ni umbali, na upimwe kwa kamba kupitia njia ambayo bomba litapita kweli. Kunguru anaruka moja kwa moja, bomba linazunguka jiwe na shamba la mtu.

Unapopima, chora pia mabonde na nundu za njiani. Nundu ikiwa juu kuliko chanzo, maji hayatavuka. Hata ikiwa chini ya chanzo, hewa itajikusanya pale juu ya nundu na kuziba njia, halafu utaambiwa bomba limerogwa. Pitisha bomba pembeni ya nundu kama inawezekana. Kama haiwezekani, weka tii na koki ndogo hapo juu kabisa, uwe unafungua kutoa hewa. Na kwenye bonde, sehemu ya chini kabisa, weka koki ya kutolea mchanga.

Bomba ni hesabu

Nilikuwa na mkulima mwingine, huyu wa nyanya, ekari moja. Alisikia jirani yake amevuta maji kwa bomba la milimita 20, akanunua hilo hilo. Maji yalikuja, lakini nyanya zilinyauka. Akalaumu chanzo, kumbe tatizo ni bomba.

Maji yakipita kwenye bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano huo unakula kimo chako. Bomba likiwa jembamba, unakula kwa pupa. Chukua mfano wa njia ya mita 400 yenye kimo cha mita 18. Bomba la plastiki la milimita 20 litakuletea takribani lita 0.15 kwa sekunde, kama lita 12,900 kwa siku. La milimita 25 litakuletea takribani lita 0.3, kama 26,000 kwa siku. La milimita 32 linaweza kupitisha takribani lita 0.65, zaidi ya 55,000 kwa siku. Mlima ule ule, umbali ule ule. Kutoka 20 kwenda 32 bomba linaonekana limenenepa kidogo tu, lakini maji yameongezeka zaidi ya mara nne.

Sasa unaona makosa mawili yanayofanana. Wa parachichi tulimpa 32 wakati 20 ingemtosha na kubaki. Wa nyanya alinunua 20 wakati alihitaji angalau 25. Wote wawili walinunua kwa macho. Kabla hujaenda dukani, mpe fundi bomba au mimi namba tatu: kimo, umbali, na lita unazohitaji. Tutakupigia hesabu ya kipenyo kwa dakika kumi.

Angalia pia maandishi kwenye bomba. PN 6 maana yake linavumilia bar 6, ambayo ni kama mita 60 za kimo. PN 10 ni kama mita 100. Kila mita 10 za kimo ni karibu bar 1. Kama chanzo chako kiko mita 80 juu na koki ya chini imefungwa, PN 6 inaweza kupasuka. Hapo ama ununue bomba zito zaidi, ama ujenge chemba katikati ya njia ambayo maji yanamwagikia na kuanza upya, presha inavunjwa.

Halafu lifukie. Sentimita 60 chini, siyo kulilaza juu ya majani ukasema utafukia mwakani. Jua linaliharibu, jembe la jirani litalikata bila yeye kujua, na sisi huku tunajua mwezi wa tisa na wa kumi moto wa nyasi unavyopita. Nimeona mita 100 za bomba zimeyeyuka kama mshumaa mchana mmoja.

Banio: hapa ndipo heshima inapojengwa

Kama kuna sehemu moja nawaomba msibane hela, ni kwenye banio. Banio ndogo ya chemchemi si kitu kikubwa: chemba ya zege au matofali, mfuniko unaofungwa, kichujio cha wavu kwenye mdomo wa bomba, mdomo wenyewe umezama sentimita 20 hadi 30 ili usivute hewa, na nafasi ya chini mchanga utulie kabla haujaingia kwenye bomba. Mtaro mdogo juu yake wa kukinga maji ya mvua yasiingie na tope.

Lakini kitu nilichojifunza kwa yule bibi ni mahali pa kuweka matoleo. Siku hizi kila banio ninayosimamia ina matoleo mawili. La kijiji liko chini, la mkulima liko juu, wamepishana kama sentimita 15. Na la kijiji linakuwa na ukubwa wa kutosha kupitisha mahitaji ya wanaoteka. Maji yakiwa mengi, kina kinapanda na wote mnapata. Kiangazi yakipungua, kina kinashuka na bomba lako wewe ndilo la kwanza kukauka. Hakuna wa kulinda zamu, hakuna wa kufunga koki usiku. Chemba yenyewe inajua nani ni wa kwanza.

Vijana wengine wakisikia hivi wananiambia, "Afisa, mimi ndiye niliyegharamia, kwa nini niwe wa mwisho?" Jibu langu ni kwamba mche wa parachichi wenye matandazo unaweza kuvumilia siku chache bila maji, mtoto hawezi. Na ukitaka jibu la biashara, ni hili: bomba la mita 400 halina mlinzi. Mlinzi wake ni kijiji kinachoona faida ya banio lako. Ukiwajengea sehemu safi ya kutekea, yenye sakafu ya zege na bomba la kuwekea ndoo, umejinunulia ulinzi ambao sola haina. Paneli zilizoibwa kwenye mashamba yasiyo na mtu nimeshazizoea kuzisikia.

Kitu cha pili ni boya ndani ya tangi, lile lile la tangi la choo lakini kubwa. Tangi likijaa, boya linafunga, maji yanabaki kwenye chemchemi. Ni kifaa kidogo kuliko vyote kwenye mradi, na kukosekana kwake ndiko kulitupeleka kwenye kikao.

Kibandani

Tangi liweke juu ya kibanda kwa kadiri mteremko unavyoruhusu. Mita 5 za kimo zinatosha kuoga na kuosha vyombo bila shida. Kwa umwagiliaji wa matone, mipira mingi ya kawaida inataka karibu mita 10, ingawa kuna ile ya bustani ndogo inayofanya kazi hata kwa tangi lililoinuliwa mita 1. Kitako cha tangi kisawazishe na ukishindilie vizuri. Lita 5,000 ni tani 5, siyo mzigo wa kuweka kwenye fito za mkaratusi.

Uzuri wa mserereko ni kwamba unafanya kazi ukiwa umelala. Bomba dogo la lita 0.15 kwa sekunde, ukiliacha saa 2 usiku, likifika saa 11 alfajiri limekuletea karibu lita 5,000. Ndiyo maana mara nyingi nashauri bomba dogo na tangi kubwa. Maji ya usiku hayagombaniwi na mtu.

Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini. Chemchemi kuwa baridi na angavu siyo cheti cha usafi, hasa kama juu yake ng'ombe wanapita. Choo chako kiwe chini ya chanzo cha maji na mbali nacho, si chini ya mita 30. Na koki ya mwisho wa njia ndefu ifunge taratibu. Ukiibamiza, maji yaliyokuwa yanakimbia yanagonga bomba kwa nguvu na viungo vinaanza kuvuja.

Karatasi na miti

Ukitumia maji kwa kilimo cha biashara, unahitaji kibali cha kutumia maji. Sheria ni ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, na kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa sisi wa Njombe ni Bonde la Rufiji au Bonde la Ziwa Nyasa, kutegemea maji yako yanaelekea upande gani. Anza na serikali ya kijiji, pata muhtasari wa kikao, kisha nenda bondeni. Wengi mnaona ni usumbufu. Siku utakapotaka mkopo au mnunuzi wa nje atakapokuja na maswali yake kuhusu maji unayotumia, karatasi hiyo itaongea kwa niaba yako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo au kingo za mto. Najua vinyungu ni suala nyeti kwetu, sitaki kulizungumzia kwa sentensi mbili. Ila wewe unayevuta maji, usiwe wa kwanza kulima juu ya chemchemi. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chanzo inakunywa kwa zamu ya kila mtu. Panda mivengi, acha uoto wa asili ujirudie. Hiyo ni sehemu ya mradi wa maji kama lilivyo bomba.

Pampu ina mahali pake

Sisemi pampu ni mbaya. Mwenye shamba tambarare kule Usangu au Dodoma hana mlima wa kupima, asome makala hii kwa faida ya shemeji yake. Na hata huku kwetu, kama maji yako yako korongoni chini ya shamba, au chemchemi ya juu inatoa kidogo kiasi kwamba haitoshi hata kijiji, usiiguse. Hapo pampu ya sola ndiyo haki yako, na nitakusaidia kuichagua. Kinga pia maji ya bati: paa la mita za mraba 30 kwa mvua ya milimita 20 ni lita 600 zinazomwagika bure.

Ninachopinga ni kununua kwanza na kupima baadaye. Pampu ikiharibika mwezi wa tisa unamsubiri fundi kutoka mjini huku miche inakauka. Bomba likiziba unachukua jembe na koki, unapanda mwenyewe, saa mbili umerudi.

Yule dada tulipomaliza kuongea aliniuliza, "Sasa bwana shamba, nianze na nini kesho?" Nikamwambia asianze na duka. Aanze na ndoo ya lita 20, apande asubuhi wakati akina mama wanateka, awasalimie, asubiri wamalize, ndipo apime. Apime tena mwezi wa kumi. Jana amenitumia ujumbe: ndoo imejaa kwa sekunde 16, na kuna bibi kamwonyesha alama kwenye jiwe maji yanapofika kiangazi kikali. Tangi atanunua sasa hivi, maana tangi halipotezi kazi hata mpango ukibadilika. Bomba litasubiri kipimo cha mwezi wa kumi, na kikao cha kijiji.

Miche yake nayo itasubiri kidogo, kwa maji ya bodaboda na matandazo mazito. Ni gharama, najua. Lakini nimeona gharama ya kutosubiri, na nilikuwa mimi niliyeshika saa.

Ukishapima kimo, umbali na ndoo yako, niletee namba tufanye hesabu pamoja. Tuonane shambani.